Nati, Rangi ya Kucha na Giga Nane Zilizopotea

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi na baba mkwe amefika saa tano. Paa la nyumba yake limeoza upande wa jikoni, mume wangu yuko kwenye ujenzi wa daraja mpaka mwezi wa saba, mwanetu yuko shule ya bweni, kwa hiyo ikakubaliwa kwa simu, bila mimi kuishika hiyo simu, kwamba mzee akae hapa mpaka mvua ziishe. Mpaka mvua ziishe. Nimeandika mara mbili ili maneno yenyewe yanitie moyo.

Amekuja na begi moja la nguo na sanduku moja la vifaa, na sanduku ndilo zito. Miaka thelathini na sita alikuwa fundi wa mashine za kusaga nafaka. Kabla hajavua viatu amekitikisa kiti cha sebuleni, akasema, "Hiki kinacheza, mwanangu." Nikamwambia karibu, Baba, kaa upumzike. Akakaa kwenye kingine.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya shule ninayoichora. Kurasa za mbele ni vipimo. Za nyuma nitaandika yanayonikwaza, maana nyumba haina mtu wa kumwambia na mkwe hasemwi kwa majirani.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshindwa kufungua kopo la sukari. Nimeshindwa kufungua bomba la jikoni. Nimeshindwa kufungua mtungi wa gesi, na chai ya asubuhi imepatikana saa nne.

Baba anakaza. Kila chenye mfuniko, nati au skrubu anakikaza mpaka kigome, halafu anakiongezea robo mzunguko wa heshima. Anasema nati iliyolegea haina mwenyewe. Nimemwuliza, "Sasa mimi nitafunguaje, Baba?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Utaniita."

Halafu kuna alama. Kwenye nati ya bomba nimekuta mstari mwembamba mwekundu, umeanzia juu ya nati ukaishia kwenye bomba lenyewe. Miguu ya kile kiti cha sebuleni nayo ina mistari. Bawaba za mlango pia. Nikadhani ni kutu, nikakwangua kwa ukucha. Ni rangi ya kucha.

"Ni ya mama yenu," akasema. "Mafuta hayaifuti. Ukiona mstari umenyooka, nati iko pale nilipoiacha. Ukiona umekatika, ujue imetembea."

Mama mkwe alifariki mwaka juzi. Kumbe alikuwa akikaa naye kwenye mashine, yeye anakaza na mama anaweka alama, kwa sababu mkono wa mama ulikuwa mwepesi. Ile chupa imebaki robo. Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo kuhusu bawaba zangu, nikalimeza.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike na kazi, isije ikaonekana naishi kwa ajili ya makopo.

Nachora ramani za majengo. Miaka kumi na moja nimezichora kwenye ofisi ya mtu mwingine, chini ya jina la mtu mwingine, na hii ndiyo kazi ya kwanza iliyokuja kwangu moja kwa moja. Ni shule ya msingi. Mwaka jana upepo uliezua madarasa mawili, na tangu hapo watoto wanasoma kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana, na mvua ikipiga wote wanasongamana upande mmoja. Nilikwenda kupima mwezi uliopita. Mtoto mmoja alikuwa anaandika huku amefunika daftari kwa mkono wa pili, na hakuonekana kushangazwa na jambo hilo.

Ofisi ya ujenzi itapokea ramani mpaka tarehe 30 Aprili, na wanataka jengo zima kwenye faili moja: kuta, paa, mifereji ya maji, na picha zake za rangi. Ikipita siku hiyo, shule inasubiri mwaka mwingine, maana yake mvua nyingine. Mwalimu Mkuu hakunisisitizia. Alinisindikiza hadi barabarani akaniambia, "Dada, wewe ndiye uliyekubali," akarudi darasani.

Jumamosi, 8 Machi

Mashine yangu ya kazi, ile kompyuta ninayochorea, imeanza kunguruma. Ni feni, inatetemeka kama inataka kuondoka. Nimelalamika mezani mpaka mwenyewe nikajichoka. Baba amekula kimya.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi sokoni nimekuta mashine imenyamaza yenyewe. Shukrani.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mashine imekuwa nzito. Nikibonyeza ukuta uhame, nahesabu hadi kumi na tano ndipo unahama. Nadhani faili limekua, nimeshaingiza mifereji yote.

Jumatano, 19 Machi

Nahesabu hadi thelathini. Baba anakohoa mara mbili mlangoni kabla ya kuingia na chai, kwa sababu mkwe haingii ovyo chumba cha mkwewe. Leo nimemwuliza anapikaje chai wakati gesi haifunguki. "Kwangu inafunguka," akasema.

Mume wangu amepiga simu. Nimemwambia baba yako ataukaza hadi mswaki. Amecheka mpaka simu ikakatika, hakupiga tena.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwita Fundi Miwani. Ni fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, mtu wa makamo, ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na huzibadilisha kutegemea ukubwa wa tatizo. Ameangalia faili langu akasema mashine haina nafasi ya kulitandaza. Memori ndiyo meza ya kazi, akasema. Faili linaweza kulala kabatini hata miaka kumi, lakini ukitaka kulifanyia kazi lazima ulitandaze mezani, na meza yako ni ndogo. Ndani mna vijiti viwili vya giga nne nne. Tuweke viwili vya giga nane nane, tupate kumi na sita.

Nikamwambia alete.

Jumatano, 2 Aprili

Vijiti vimekuja. Fundi Miwani ameviweka mwenyewe, vimelia ta-ta, akafunga mashine, akawasha, na sote wawili tukainama mbele ya skrini kama tunasoma barua ya mtu.

Giga nane.

Ameweka kumi na sita, inaona nane. Akabadilisha miwani. Akazima, akavichomoa, akavibadilisha nafasi, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Nane. Akaweka kimoja peke yake upande wa kushoto, nane. Akaweka kile kingine palepale peke yake, nane pia. Kwa hiyo vyote ni vizima, hakuna aliyetuuzia mbovu. Akaweka kimoja peke yake upande wa kulia: mashine ikakataa hata kuwaka, skrini nyeusi.

"Basi upande wa kulia ndio unaogoma," nikasema.

"Au ni mchafu," akasema. "Tusimseme mtu kabla hajaoga."

Akatoa kifutio cha penseli, kile cha watoto wa shule, akasugua meno ya dhahabu ya vile vijiti taratibu, akapuliza nafasi zenyewe, akarudisha. Nane. Akaondoka akisema anakwenda kufikiri. Baba alikuwa ukumbini. Amemsindikiza hadi getini na kurudi amekaza komeo.

Jumatatu, 7 Aprili

Fundi Miwani amekuja na mawazo mapya. Kuna mfumo wa zamani ambao hata uupe giga mia hauwezi kuhesabu zaidi ya nne. Ameangalia, wangu si huo, na hata ungekuwa huo tusingeiona nane. Kuna mahali kwenye mipangilio ya kuwashia ambapo mtu anaweza kuweka alama kimakosa, mashine ikaambiwa isitumie zaidi ya kiasi fulani. Ameangalia, hakuna alama. Kuna mashine ambazo skrini inakopa sehemu ya memori, lakini hukopa kidogo, haichukui nusu nzima bila aibu. Na kuna bodi, vile vibao vya ndani vinavyobeba kila kitu, ambazo zimetengenezwa kiwandani zisizidi kiwango. Amesoma namba ya bodi yangu kwa miwani zote mbili: inakubali hadi thelathini na mbili.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeishiwa, mama."

Napenda fundi anayesema hivyo. Ningempenda zaidi kama zingebaki siku mia.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Nane.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Nimelikata faili vipande vinne ili nifanye kimoja kimoja. Nikiviunganisha, mashine inaganda. Chupa ya chai imekazwa, nimekunywa maji.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimepandisha sauti. Sikumpandishia Baba, nilipandisha mbele yake, lakini kwa mkwe ni yaleyale. Kopo la penseli zangu nalo limekazwa, penseli za kuchorea, na nilikuwa nimekaa saa mbili nikisubiri paa litokee kwenye skrini. Nikasema, "Nyumba hii kuna mtu anaweza kufungua kitu chochote?"

Akachukua kopo, akalifungua, akaniwekea mezani mfuniko pembeni. Akasema, "Samahani, mwanangu. Mkono umezoea." Akatoka bila kukohoa.

Nimeona haya siku nzima. Jioni nimempelekea chai mimi. Tumekaa. Ameniambia kwamba nati moja ililegea mwaka wake wa pili wa kazi, mkanda wa mashine ukachomoka ukamkata mtu bega. Yule mtu alipona na hakumlaumu. "Ndiyo maana nakaza," akasema. "Si kwamba sijui kuacha." Hata siku moja sikuwahi kujiuliza kwa nini anakaza.

Jumanne, 22 Aprili

Itabidi niandike taratibu.

Fundi Miwani amekuja mara ya tatu, viatu mkononi, maji ya barabarani yamefika magotini. Umeme wa chumba changu hafifu, akaniomba nimshikie tochi. Mara mbili zilizopita nilikuwa nasimama nyuma yake kama ndugu wa mgonjwa. Leo nimeinama nikaona ndani mwenyewe. Katikati ya bodi kuna ile feni, na feni imeshikwa na skrubu nne kwenye pembe zake. Juu ya kila skrubu kuna mstari mwembamba mwekundu.

Nikamwuliza, "Hiyo nyekundu ni nini?"

"Ya kiwandani," akasema bila kuinua kichwa. "Huwa wanaweka alama wakishakaza. Nimeiona tangu siku ya kwanza."

Naijua rangi ile, nimeikwangua bombani kwa ukucha wangu. Na papo hapo tarehe 9 Machi ikanirudia: feni iliyojinyamazia yenyewe nilipokuwa sokoni, na uzito ulioanza wiki hiyohiyo. Kumbe hata vile vijiti vya zamani vilikuwa vinahesabiwa nusu. Mwezi mzima na zaidi nimechora kwa nusu ya mashine, nikilaumu faili.

Nikasema, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, "Hizo skrubu zikikazwa kupita kiasi, inaweza kuleta shida?"

Fundi Miwani akaacha kazi. Akabadilisha miwani. Akachukua rula yangu ya chuma akaisimamisha juu ya bodi, akafunga jicho moja. Mimi niliona bila kufunga jicho, ndiyo kazi yangu kuona kilichopinda: bodi ilikuwa imeinama kwenye pembe, kama milimita moja. Chini ya feni, akanieleza, ndipo inapokaa prosesa, ubongo wa mashine, na prosesa imelalia sindano nyembamba kuliko unywele, mamia kwa mamia. Baadhi ya sindano hizo ndizo zinazozungumza na memori ya upande wa kulia. Ukiikandamiza bodi ikapinda, zile za pembeni zinaachia. Kijiti kipo, kizima, kimekaa mahali pake, lakini hakuna anayekifikia.

"Kiwandani hawakazi hivi," akasema. "Huyu aliyekaza ana mkono wa kusaga mawe. Nani aliifungua?"

"Sijui," nikasema. Ndio uongo wangu wa kwanza kwa fundi.

Akalegeza zote nne, mzunguko mzima kila moja. Akawasha. Giga kumi na sita. Akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeua mbu.

Nilipomsindikiza nimekuta sinia ukumbini, sakafuni, pembeni ya mlango wa chumba changu. Vikombe viwili vya chai vimepoa. Sikusikia kikohozi.

Ijumaa, 25 Aprili

Kazi inakwenda. Ukuta unahama kabla sijamaliza kubonyeza. Mashine inaunguruma tena, lakini acha iungurume.

Nyumba imelegea. Kopo la sukari nimelifungua kwa kidole kimoja. Bomba linatoa maji hata ukiligusa kwa kiwiko. Mlango wa jikoni umeanza kulia na hakuna aliyeuangalia. Sanduku la vifaa liko chini ya kitanda chake, limefungwa. Nilikuwa nikiomba hali hii kwa wiki saba, na sasa nazunguka jikoni nafungua na kufunga lile kopo bila haja ya sukari.

Wakati wa chakula amesema, macho kwenye sahani, "Nimezungumza na mwanangu mdogo. Ana chumba. Jumatano nitakwenda."

"Mvua bado, Baba."

"Kwake hakuna mashine," akasema.

Nikasema wali umebaki, nimwongezee.

Jumatatu, 28 Aprili

Ndiyo hivyo, ya mvua tumeyaona na sasa yamebaki ya moto. Leo ilikuwa siku ya kuiambia mashine itengeneze zile picha za rangi, kazi ambayo huichosha kuliko zote. Dakika kumi, ikazimika. Nikaiwasha, dakika nane, ikazimika. Nikaweka kiganja pembeni nikakiondoa haraka. Fundi Miwani alilegeza mno: feni haigusi prosesa sawasawa, joto halina njia.

Nimempigia. Mto umepita juu ya barabara, yuko upande wa pili kwa dada yake, hakuna anayevuka. "Kaza kidogo," akasema kwenye simu, "lakini usawa." Kidogo ndio kiasi gani? "Ndio hapo, mama," akasema.

Nimekaza kidogo. Nane. Nimelegeza kidogo. Kumi na sita, dakika tisa, imezimika. Nimekaza pembe moja. Haikuwaka kabisa. Mwalimu Mkuu ametuma ujumbe: "Dada, kesho kutwa tunakwenda wote ofisini, nimeshaosha gauni."

Jumanne, 29 Aprili

Nimeamka na jambo moja kichwani. Katika nyumba hii kuna mtu aliyekaza vitu miaka thelathini na sita, nami nashika bisibisi kama kijiko.

Nilimkuta amekaa kitandani, begi limesimama miguuni. Sikukohoa. Nikasema, "Shikamoo, Baba. Naomba unisaidie mashine."

"Marahaba. Hiyo mashine niliiua mimi."

"Hukuiua. Uliikaza."

"Ulilalamika inanguruma," akasema. "Nikasema moyoni, mkwe wangu anahangaika, mimi nipo tu nakunywa chai yake. Nikaifungua ulipokwenda sokoni. Nilifurahi iliponyamaza. Niliweka alama vizuri kabisa." Akaangalia viganja vyake. "Mashine ya kusaga huvumilia ujinga wa fundi. Hii yako haivumilii. Mwite yule mwenye miwani."

"Yuko ng'ambo ya mto."

"Basi subiri mto."

"Watoto hawawezi kusubiri mto, Baba."

Nikamweleza habari za yule mtoto aliyefunika daftari kwa mkono. Sijui kwa nini sikuwa nimemweleza kabla. Wiki nane tumekaa nyumba moja na hakuwahi kujua nachora nini, alijua tu kwamba nachora. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Mezani hakushika kitu kwanza. Aliomba nimweleze kila nilichojua, nami nikamweleza: sindano, prosesa, bodi inayopinda, joto linalokosa njia. Akaniuliza maswali matatu, na la tatu sikulijua jibu. Halafu akasema, "Kumbe ni kama sahani ya kinu. Ikikaa upande, inasaga upande. Hapa tatizo si nguvu, ni usawa. Mimi sikufikiri ni kitu cha usawa, nilifikiri ni cha nguvu."

Akafungua skrubu zote nne mpaka zikawa huru. Akaweka bisibisi pembeni. Kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, akazungusha ya kwanza mpaka ikagusa, akaacha. Hakuifuata ya jirani, akaruka akaenda ya pembe ya kinyume. Kisha zile mbili nyingine, kwa mshazari. Ndipo akachukua bisibisi: robo hapa, robo kule, msalaba, msalaba. Mimi nilikuwa nimelaza rula juu ya bodi, nikichungulia mwanga chini yake. Nilipoona mwanga umeanza kuingia pembeni nikasema, "Hapo." Akasimama.

Nilimwona akisimama. Mkono wake ulitaka ile robo ya mwisho, ile ya heshima. Niliuona ukiitaka. Akakaza meno badala ya skrubu, akaondoa bisibisi.

Tukawasha. Giga kumi na sita. Nikaiagiza picha. Dakika kumi, dakika ishirini, nusu saa. Mvua inapiga madirisha na sisi tumekaa tukiangalia paa la shule likijitokeza mstari kwa mstari, jekundu, halafu mifereji yake, halafu kivuli chake ukutani. Aliuliza maji ya paa lile yatakwenda wapi, nikamwonyesha kwa kidole njia nzima mpaka kwenye tangi. "Umelichora vizuri," akasema. Mwenye ofisi niliyoiacha hakuniambia hivyo kwa miaka kumi na moja, na hapa nimeambiwa na mtu niliyekuwa nahesabu siku za kuondoka kwake. Sikulia. Nilijikaza kisabuni.

Mwishoni akatoa ile chupa ya rangi ya kucha mfukoni, akanipa mimi.

"Weka wewe. Mkono wangu haukuwa wa alama. Mwenye alama alikuwa yule."

Imebaki ya kukwangua na brashi. Nimepata mistari mitatu na nusu. Ile nusu amesema inatosha.

Jumatano, 30 Aprili

Tumepeleka. Wamepokea, wamegonga muhuri. Mimi na Mwalimu Mkuu, yeye na gauni lake, tumerudi tumelowa sote wawili. Begi la Baba limerudi uvunguni, amesema atasubiri mvua ziishe kama tulivyokubaliana.

Jumatano, 7 Mei

Fundi Miwani amevuka mto. Nimekiri kwake uongo wangu. Amekaa saa nzima na Baba, akimwuliza habari ya kukaza kwa msalaba, na ameandika kwenye kiganja.

Jumatatu, 12 Mei

Manyunyu. Mjini nimeingia duka la vipodozi, nimesimama mbele ya rangi nyekundu ishirini na mbili. Muuzaji akaniuliza ni kwa gauni la rangi gani. Nikamwambia ni kwa bomba. Nimepata ileile. Nimeificha kwenye droo ya penseli.

Jumatatu, 19 Mei

Jua. Fundi wa paa amempigia Baba: paa la jikoni kwake limekwisha kutengenezwa.

Ijumaa, 23 Mei

Jua tena. Ofisi ya ujenzi imekubali ramani, msingi utachimbwa mwezi ujao. Mwalimu Mkuu ameniambia kwa simu na hakuweza kumaliza sentensi. Baba amepiga pasi mashati yake, ataondoka kesho asubuhi.

Mchana, alipokwenda kuaga majirani, nimefanya jambo la kijinga jikoni. Sitaliandika.

Jumamosi, 24 Mei

Begi lilikuwa mlangoni, sanduku juu yake. Nikasema, "Baba, kabla hujatoka, bomba la jikoni linavuja."

Akaja. Akaangalia tone likidondoka, kisha akainama akaangalia nati. Alikaa ameinama muda mrefu kwa mtu wa umri wake. Mstari mwekundu ulikuwa umekatika: nusu ya juu upande wa dirisha, nusu ya chini upande wa ukuta.

"Nati ikilegea yenyewe," akasema, "hutembea kidogo sana. Hii imetembea robo nzima."

"Labda ni baridi."

"Na jana spana namba kumi na saba niliikuta sandukuni imelala kichwa chini. Mimi siilazi hivyo."

Nilikuwa naangalia sinki. Akajinyoosha, akaangalia nje ya dirisha, ambako nguo za jirani zilikuwa zimeanikwa na jua lilikuwa kali hata mbwa amehamia kivulini.

"Mvua zimeisha kweli?" akaniuliza.

"Bado," nikasema.

Akarudi mlangoni, nikasikia begi likiburutwa kuelekea chumbani kwake, halafu akaja na spana. Akakaza bomba taratibu, akaacha pale lilipotosha. Akanyoosha mkono wazi bila kugeuka, kama alivyokuwa akiunyoosha kwa yule mwenye alama miaka yote ile.

Nikaenda kufungua droo ya penseli.